ALAMA ZA DINI KATIKA MAJUMBA YA SERIKALI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mas-ala: Je, ina faida gani dini kutaka alama yake iwekwe katika jumba la serikali, ambalo ni la watu wa dini zote?

Khitilafu hii ni kubwa katika Marekani. Katiba yao, kwa nyongeza ya mwaka 1791, yaikataza serikali kuisimamisha dini, na yaikataza vilevile kumzuia mtu kuifuata dini yake. Kundi moja husema: kuiondoa alama ni kuidharau dini ya wenyeji. La pili husema: jumba lililojengwa kwa kodi ya wote halina haki ya kuinua dini ya baadhi yao.

Na itazamwe wanachokipata walioshinda. Mwaka 1984 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilihukumu kesi ya mji wa Pawtucket, ambao baladia yake kila Krismasi iliweka sanamu za kuzaliwa kwa Nabii Isa (a.s.) kwa itikadi ya Wakristo. Mahakimu 5 waliruhusu, 4 wakakataa. Na katika hoja za walioruhusu ni kuwa sanamu hizo zilikuwa pamoja na mapambo mengine ya sikukuu: mzee wa Krismasi na wanyama wavutao gari lake. Alama ikabaki, lakini ilibaki kwa kuhesabiwa pambo!

Waislamu nao yamewafika. Jengo la mahakama hiyohiyo lilifunguliwa mwaka 1935, na juu ya ukuta wa chumba cha hukumu zimechongwa sura za watoaji sheria wakubwa wa dunia. Miongoni mwao mchongaji alitia sura aliyoikusudia kuwa ya Mtume (s.a.w.), ameshika Kurani na upanga. Mwaka 1997 Waislamu wa huko waliomba iondolewe. Hakimu mkuu, William Rehnquist, alikataa, akasema kuwa iliyokusudiwa ni heshima, wala si ibada. Baadaye Sheikh Taha Jabir al-Alwani alitoa fatwa ndefu, akaona kuwa heshima ile yastahili kushukuriwa. Hata hivyo, wengi walioomba walikuwa wameumizwa na kitu kilichofanywa kwa nia ya kuwatukuza.

Sababu iko wazi. Serikali ikiishika alama ya dini, huishika kwa mikono yake na kwa makusudi yake, na mwenye dini hana tena amri juu yake.

Wala mtu asichanganye mambo mawili. Msikiti ni mali ya Waislamu, na kuujenga ni haki yao. Uswisi ilipopiga kura mwaka 2009, na watu 57 na nusu katika kila 100 wakakataza kujengwa minara mipya, walizuiliwa watu katika majengo yao wenyewe. Hiyo ni dhulma. Ama kuitaka serikali itundike alama ya dini ukutani mwake, hiyo si haki iliyozuiliwa, ni fadhila inayoombwa. Na mwenye kutoa fadhila ndiye aichaguliaye umbo.

Basi Mwislamu mwenye akili na ajiulize kabla ya kudai: lau ukuta huu ungekuwa mikononi mwa wengine, ningeridhika nao? Alitakalo kwa nafsi yake na alitake kwa jirani yake. Na heshima ya dini aitafute kwanza katika uaminifu wake sokoni na uadilifu wake barazani, mahali ambapo hapana serikali iwezayo kuibandua.

Wallahu aalam.