Nyama Nyeusi Buchani Huanzia Njiani

Kiangazi kinapokolea, minada ya mifugo ya Shinyanga, Simiyu na Tabora hufurika. Malisho yamekauka, malambo yanapungua maji, ada za shule zinadaiwa, na mfugaji anaona heri auze sasa ng'ombe akiwa bado na nyama mgongoni kuliko kungoja Oktoba abaki na mifupa. Malori yanapakiwa jioni na kukesha barabarani kuelekea mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kutoka hapo mifugo huishia Vingunguti na kwenye machinjio mengine ya jiji.

Hasara ya safari hiyo kwa kawaida hupimwa kwa kilo: ng'ombe aliyeondoka na tumbo limejaa hufika amekonda ubavuni. Ipo hasara nyingine ambayo mizani haiioni. Hujitokeza siku ya pili, mchinjaji anapopasua paja akakuta nyama nyeusi, kavu juu na yenye kunata kidoleni. Mwenye bucha anaifahamu vizuri, maana ndiyo inayobaki ikining'inia hadi jioni huku wateja wakinyoosha kidole kwenye pande jekundu la pembeni.

Nchi zinazouza nyama kwa madaraja huihesabu hasara hiyo waziwazi. Katika ukaguzi wa kitaifa wa ubora wa nyama ya ng'ombe nchini Marekani mwaka 2016, karibu mizoga 2 katika kila 100 ilikutwa na weusi huo, na kila mmoja hukatwa bei. Australia, chini ya mfumo wa madaraja uitwao Meat Standards Australia, nyama yenye pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) inayopita 5.70 hainyimwi soko, lakini inanyimwa alama ya ubora, na bila alama hiyo bei nzuri haipo.

Wekundu unatoka wapi

Wengi hudhani wekundu wa nyama ni damu. Damu nyingi hutoka mnyama anapochinjwa. Kinachoipa nyama rangi ni mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Mtu akitaka kuiona ikifanya kazi, akate pande nene la sarara iliyolala kwenye ubaridi usiku kucha, kisha atazame haraka uso wa ndani: ni zambarau iliyokoza. Akiliacha ubaoni kwa karibu nusu saa, hewa huingia taratibu na ile zambarau hugeuka nyekundu inayong'aa. Likikaa siku kadhaa, wekundu hufifia kuwa hudhurungi kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika mayoglobini yameoksidika. Rangi tatu hizo ni za protini moja.

Ili wekundu huo utokee, nyama inahitaji asidi, na asidi hutengenezwa kutokana na sukari ya akiba iliyomo ndani ya misuli, iitwayo glaikojeni. Ng'ombe aliyeshiba na kutulia anafika machinjioni na akiba ya kutosha. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 ndani ya takriban saa 24.

Ng'ombe aliyekimbizwa, aliyepigana na wenzake au aliyeshinda njaa akitetemeka ndani ya lori ameshaitumia sukari yake angali hai. Akichinjwa, asidi haitoshi na pH inaweza kubaki juu ya 6. Maji hubanwa ndani ya nyuzi za nyama, kwa hiyo mwanga unamezwa badala ya kurudishwa kwenye macho ya mteja. Tena mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, huendelea kunyonya oksijeni kabla haijaifikia mayoglobini. Maabara ya Profesa Ranjith Ramanathan katika Chuo Kikuu cha Oklahoma State, Marekani, imelichunguza suala hili kwa miaka mingi, na matokeo yake yanaonyesha kwamba nyama nyeusi huwa na mitokondria nyingi na zenye nguvu zaidi kuliko nyama ya kawaida. Ndiyo maana pande la namna hiyo, hata likikaa ubaoni nusu saa, haligeuki jekundu.

Nyama hiyo si sumu. Shida yake ni kwamba huharibika mapema: bakteria wasipoipata sukari huanza kula asidi amino, na harufu mbaya hutokea upesi. Jikoni nako huleta mkanganyiko, kwa kuwa ndani hubaki na wekundu hata ikiwa imeiva, na mlaji akairudisha motoni hadi ikakauka.

Isichanganywe na weusi wa asili. Ng'ombe mzee ana mayoglobini nyingi kuliko ndama, hivyo nyama yake ni nyeusi kidogo bila kasoro yoyote. Vilevile mafuta ya manjano kwa ng'ombe wa malishoni yanatokana na karotini ya majani mabichi, si ugonjwa.

Wiki mbili za mwisho

Kwa ng'ombe, akiba ya sukari ikiisha hairudi haraka. Misuli yake huhitaji siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, kujijaza tena hata akilishwa vizuri. Usiku mmoja wa kupumzika Pugu hauwezi kurudisha kilichopotea tangu Shinyanga. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mfugaji, na hufanyika nyumbani kabla lori halijafika.

Kanuni za Meat Standards Australia zinasema ng'ombe wanaopelekwa kuchinjwa wasichanganywe na kundi geni ndani ya siku 14 kabla ya kusafirishwa. Huku kwetu mambo huwa kinyume: dalali hukusanya madume kutoka maboma matano, akayaweka zizi moja usiku mmoja, na asubuhi yote yamechubuka mabega kwa kupigana na kupandana yakigombea ukubwa. Mfugaji anayeweza kupanga mauzo yake atenge kundi la kuuza wiki mbili mapema, liwe la wanyama wanaofahamiana, na lisiongezwe mgeni hadi siku ya kupakia. Kadiri inavyowezekana, wafugaji walio majirani wapakie pamoja na kila kundi litenganishwe kwa boriti ndani ya lori.

Siku hizo ni za kulisha, si za kubana matumizi. Kanda ya Ziwa ina bahati ya mashudu ya pamba, na wanenepeshaji wa Mwanza na Shinyanga wameyatumia kwa miaka mingi pamoja na maganda ya pamba na pumba. Kwa asiyeweza kununua mengi, hata nyongeza ndogo ya mashudu jioni juu ya mabua na nyasi kavu ni bora kuliko kumwachia mnyama uwanda mtupu. Maji yapatikane hadi saa ya kupakia. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki asiuzwe kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijatimia.

Siku ya kupakia nayo ina mambo yake. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado State na mtaalamu wa tabia za mifugo, ameonyesha kwamba ng'ombe hukataa kupita si kwa ukaidi bali kwa kuogopa vitu vidogo ambavyo binadamu havioni: kivuli kilichokatiza njia, bati linalong'aa, mnyororo unaoning'inia, nguo inayopepea. Kanga iliyoanikwa kwenye ua wa zizi yatosha kulisimamisha kundi zima, kisha fimbo zinaanza. Kila fimbo ni sukari inayoungua, na kila alama yake ni jeraha ambalo mchinjaji atalikata na kulitupa.

Basi kanga iondolewe kwanza. Tuta la udongo lijengwe hadi lilingane na kimo cha bodi ya lori, ng'ombe wasiruke. Anayewaswaga asimame nyuma kidogo ya bega, maana mnyama akimwona mtu nyuma ya bega husonga mbele, na akimwona mbele ya bega hurudi nyuma. Kupakia kufanyike jua likiwa limepoa, bila kelele na bila kubananisha.

Droni isaidie, isiswage

Katika ranchi kubwa, kama zile za Laikipia au Kongwa, nusu ya fujo ya siku ya kuuza ni kutafuta ng'ombe. Vijana wanakimbia vichakani tangu alfajiri, kundi linafukuzwa kilomita kadhaa, na saa nne asubuhi wanyama wanahema mbele ya lori. Hapo ndipo droni inapostahili pesa yake. Ikirushwa siku moja kabla, inaonyesha kundi lilipolala, nani amebaki nyuma, nani anachechemea na lambo gani bado lina maji. Anayechechemea anaondolewa kwenye orodha mapema, na waliobaki wanasogezwa polepole hadi zizini jioni hiyo.

Kamera ya joto huona vizuri alfajiri, kabla ya jua kupasha ardhi. Ikifika saa sita mchana udongo una joto sawa na ngozi ya ng'ombe na picha inakuwa ukungu. Chini ya migunga iliyosongamana hata kamera bora hupitwa. Betri za droni ndogo nyingi hudumu karibu nusu saa, hivyo njia ipangwe kabla ya kuruka. Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kimeenda mbali zaidi kwa kufanyia utafiti droni kadhaa zinazompiga picha ng'ombe mmoja kutoka pande mbalimbali ili uzito wake ukadiriwe bila kumpandisha mizanini.

Mlio wa droni ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka mipakani mwa hifadhi za Tanzania, ukiwemo ukanda wa Tarangire na Manyara, ulionyesha kuwa droni zinaweza kuwafukuza tembo mashambani. Kinachomfaa mkulima wa mahindi kinamwumiza muuza ng'ombe: mnyama anayekimbia mlio wa angani anaunguza ileile akiba ya sukari. Droni isitumike kuswaga ng'ombe wa kuchinjwa. Iruke juu, isogezwe chini kidogo kidogo kwa siku nyingi hadi kundi liendelee kula bila kuinua vichwa, na siku ya kupakia ibaki sandukuni.

Kabla ya kununua droni, mfugaji aulize kibali. Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na Kenya ni KCAA zinazosimamia urushaji, na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila idhini maalumu. Mwenye ng'ombe 30 na mchungaji makini hahitaji droni. Kikundi cha wafugaji wanaotumia malisho ya pamoja kinaweza kumlipa mrushaji mwenye leseni kwa siku chache za msimu.

Anayepanga kuuza mwishoni mwa Agosti atenge kundi lake kufikia katikati ya mwezi huo na afungue daftari: tarehe ya kutenga, chakula walichopewa, dawa, saa ya kupakia, saa ya kufika, saa ya kuchinjwa. Akiuza moja kwa moja machinjioni, aombe aambiwe mizoga mingapi ilitoka myeusi, na kama kuna kipimo cha pH, aombe namba zake. Zikilinganishwa na daftari, ataona kama tatizo lilianzia zizini, kwenye lori au kwenye foleni ya mjini, na ajue msimu ujao aanze kurekebisha wapi.