Je, Mwanaanga Huongezewa Umri?



Likizo iliyopita, baada ya darsa ya Maghrib nyumbani Buhehe, mwanafunzi wa sekondari aliniuliza: “Ustadh, nasikia wanaanga huchelewa kuzeeka. Basi wanaongeza umri waliokadiriwa na Mola?”

Kwanza tuielewe sayansi yenyewe. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba saa iliyo katika mwendo hupiga polepole ikilinganishwa na iliyotulia. Baadaye akaeleza kwamba saa iliyo mbali na uvutano wa dunia hupiga haraka zaidi. Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi juu yetu, kikienda takriban kilomita 28,000 kwa saa. Hapo athari ya kasi huishinda ile ya urefu. Anayekaa huko miezi 6 hurudi akiwa amezeeka pungufu yetu kwa takriban sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo.

Lakini moyo wake na saa yake hupungua kasi pamoja, kwa hiyo yeye mwenyewe haoni tofauti yoyote. Hapati hata pumzi moja ya ziada. Tofauti hujulikana tu saa yake ikilinganishwa na yetu. Umri wake ni uleule.

Wapo wenzetu wanaoitumia aya ya 47 ya Surat al-Hajj, inayotaja siku moja kwa Mola kuwa kama miaka elfu, kuwa ushahidi wa Einstein. Tuwe na tahadhari. Aya hiyo inawajibu waliohimiza adhabu iletwe haraka. Nadharia hurekebishwa, lakini Qur’ani haibadiliki. Tusiifunge kwa nadharia.

Swali lenye faida zaidi ni hili: Mwislamu afanye nini na wakati alio nao? Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo hicho, ambako jua huchomoza mara 16 hivi kwa siku. Wanazuoni wa nchi yake walimwongoza aswali swala 5 katika kila saa 24, kwa kufuata nyakati za mahali aliporushwa.

Huko juu swala zilipangiwa wakati. Je, sisi tunaosikia adhana tukiwa bwenini, udhuru wetu ni upi?

Wabillahi tawfiq.