Skrini Mbili Mezani: Hesabu ya Jicho na Shingo

Mwalimu asahihishaye kazi nyumbani kwa kompyuta huhitaji kuiona insha ya mwanafunzi na jedwali la alama kwa wakati mmoja. Akiwa na skrini moja tu, hufunua hiki na kukifunika kile, huku akizibeba tarakimu kichwani. Hiyo ndiyo sababu ya wengi kuongeza skrini ya pili. Uwezo wenyewe si mpya: Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza kutumia skrini kadhaa, na Windows 98 ikaueneza uwezo huo kuanzia mwaka 1998. Kompyuta huzihesabu skrini zote kuwa uwanja mmoja.

Jicho, hata hivyo, halikuongezwa. Retina ina sehemu ndogo iitwayo fovea, nayo peke yake ndiyo ionayo herufi kwa ukamilifu. Sehemu hiyo hupokea pembe ya nyuzi 2 hivi, karibu sawa na upana wa kidole gumba mkono unaponyoshwa mbele. Kwa umbali wa sentimeta 60, pembe hiyo hufunika sentimeta 2 tu za skrini. Kwingineko kote husomwa kwa kuyasogeza macho na, pembe ikizidi, kwa kugeuza shingo.

Skrini ya inchi 24 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa sentimeta 53 hivi. Tuseme moja imewekwa mbele ya msomaji, sentimeta 60 kutoka machoni, na ya pili ikapangwa ubavuni mwake katika mstari ulionyooka, kama watu wengi wafanyavyo. Ukingo wa mbali wa skrini ya pili utakuwa sentimeta 79.5 kutoka katikati ya ile ya kwanza. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa ukingo huo kutoka machoni ni kipeuo cha pili cha 60² + 79.5², yaani karibu sentimeta 100. Pembe yake ni nyuzi 53.

Madhara yake ni makubwa kuliko yadhaniwavyo. Kimo cha herufi iliyo ukingoni huonekana asilimia 60 tu ya kile cha herufi ya katikati. Upana wake hupunguzwa mara mbili, kwanza na umbali, kisha na mshazari: 0.6 × 0.6 = 0.36. Msomaji huinama na kuipinda shingo ili asome, halafu hulaumu macho yake au kiti.

Skrini ya pili ikigeuzwa nyuzi 48 ili imwelekee msomaji, ukingo wake wa mbali husogea hadi sentimeta 66, na mshazari karibu wote hutoweka. Hakuna kifaa cha kununua. Kuziweka skrini mbili ili maungio yake yawe mbele ya pua, kila moja ikiwa imegeuzwa nyuzi 24, kunamfaa tu yule azitumiaye kwa usawa. Mwingine atakesha ameelekeza shingo upande mmoja.

Zoezi: Wanafunzi wapime upana wa skrini yoyote na umbali wake kutoka machoni, kisha watafute, kwa tanjenti, pembe ambayo skrini ya pili yenye upana huohuo inapaswa kugeuzwa.