Anza na nundu

Anayefika Jozani na daftari la kuchorea humkimbilia kima punju. Simlaumu: mnyama huyo yupo Zanzibar tu, na msitu wake umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2004. Lakini kima hatulii. Wewe unayejifunza, toka nje ya lango, shika njia ya Pete au Kitogani, umtafute ng'ombe aliyefungwa kamba malishoni. Msalimie mwenyewe, omba ruhusa, kaa chini. Ng'ombe huyo hatakukimbia.

Mimi huwachora wanyama wa kufugwa kwa kufuata methali. Kila methali imeshika mahali fulani mwilini. Hapo ndipo kalamu ya risasi ikandamizwe, kwengine iguse tu.

Ng'ombe halemewi na nunduye. Basi anza na nundu: tao moja kwa penseli ya 2B, juu ya miguu ya mbele. Wengi huisogeza hadi katikati ya mgongo. Nami nilifanya hivyo, na mzee mwenye ng'ombe alipotazama daftari langu akauliza ngamia huyu katoka wapi. Akanionesha kwa kidole: nundu, mgongo unashuka kidogo, nyonga inapanda. Mistari mitatu, na ng'ombe kakamilika. Tia kivuli kizito nyuma ya nundu hata uzito wake uonekane, kisha mchore akicheua, macho nusu wazi. Mzigo upo na mwenyewe katulia. Mtazamaji ataielewa methali bila ya kuandikiwa neno.

Mgeni kuku mweupe. Huyu usimchore kabisa. Laza penseli ya 4B ubavu, utie giza la uwanja, kivuli cha paa la makuti, majani ya mgomba nyuma, huku ukiliacha umbo la kuku liwe karatasi tupu. Malizia kwa jicho na mdomo. Jicho la mtazamaji litamwangukia yeye kwanza, kama kijiji kizima kinavyomwona mgeni akiteremka garini. Raba iweke mbali: weupe uliofutwa haung'ai kama weupe ambao haujaguswa.

Punda afe mzigo ufike. Hapa watu hurundika mzigo mpaka punda hasomeki. Gari likate kwenye ukingo wa karatasi, libaki gurudumu tu. Nguvu yako iweke kwenye masikio yaliyolala kando, na kwenye ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatwa na mwengine mabegani.

Jogoo anataka tahadhari. Huyo ndiye alama ya KANU, chama kilichotawala Kenya hadi 2002, kwa hiyo ukimchora kifua mbele na mdomo wazi, wengi watasoma madaraka. Kama unamtaka jogoo la shamba lisilowika mjini, nenda soko la Darajani, mjini Zanzibar, asubuhi, umtazame ndani ya tenga: shingo imeingia mabegani, kilemba kimelala, mkia umebanwa na fito. Shingo ndiyo inayobadilisha maana yote, kwa hiyo ichore mara tano sita pembeni kabla ya kugusa manyoya.

Ukimaliza, mwoneshe mwenye mnyama kabla hujatia sahihi. Akimwita kwa jina lake, usiongeze hata mstari.