Kijibwa au Mbwa Mdogo?

Mwaka huu nawaletea somo la udogo na ngeli, ila nitalipitisha kwenye kitabu cha watoto, tena cha picha: Harry the Dirty Dog. Mtunzi ni Gene Zion, mchoraji ni Margaret Bloy Graham, na kilitoka Marekani mwaka 1956.

Harry ni mbwa mweupe mwenye madoa meusi. Anapenda kila kitu ila kuoga. Siku moja anasikia maji yakifunguliwa bafuni, anaiba brashi ya kusugulia, anaifukia uani, kisha huyoo, katoroka! Anacheza palipochimbwa barabara, anacheza relini, anafukuzana na mbwa wenziwe, mwishowe anateleza kwenye mfereji wa makaa ya mawe. Sasa ni mbwa mweusi mwenye madoa meupe. Anarudi nyumbani, wenyewe hawamtambui. Anajipindua, anajifanya maiti, wapi!

Tazama hapo. Weupe na weusi umebadilishana nafasi tu, na kisa kimegeuka. "Mweupe" hufuata mbwa, ngeli ya A-WA. "Meusi" hufuata madoa, LI-YA. Anayesema "madoa mweusi" amemharibia Harry hadithi yake.

Je, tumwite kijibwa? Chamani tulibishana sana. Mzizi -bwa una silabi moja, kwa hivyo hatusemi "kibwa" bali kijibwa, kama vile mtu huwa kijitu. Upatanisho nao unahama: kijibwa cheupe chenye madoa meusi kilitoroka. Kisarufi ni sawa kabisa. Lakini ki- haipimi kimo peke yake, hubeba dharau pia. Ukimwita mtu kijitu hujamsifu.

Nililijaribu jambo hili kwa wadogo zangu hapa Garissa, jioni mbili. Jioni ya kijibwa walicheka, na kilipofika uani kikiwa cheusi, mmoja akapiga kelele, "Kifukuzwe!" Jioni ya mbwa mdogo walinyamaza. Yule yule akaniuliza, "Abayo, mbona hawamjui na ni wao?"

Kwetu jambo hili lina uzito. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi. Chombo kikirambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mbwa, akiwapo, hulala nje akilinda mbuzi dhidi ya fisi. Mbwa wa kuogeshwa ndani ya nyumba, sabuni tele, ni ajabu kuliko hata reli, ambayo Garissa hatuna. Msikilizaji amekuja tayari yuko mbali na Harry. Ukimwongezea ki-, umemfungia mlango.

Wengine walipendekeza kilebu. Neno zuri, na lisiwadanganye kwa ki- yake: tunasema kilebu alitoroka, kama kifaru na kiboko. Lakini kilebu ni mtoto wa mbwa, na Harry ni mbwa mzima, mdogo wa umbo tu.

Tangu 1996 mji wetu umejulikana kwa maktaba ya ngamia. Vitabu vya lugha za kigeni navyo hutufikia, na wa kuwasimulia watoto kwa Kiswahili ni mimi na wewe. Mimi nimeshika mbwa mdogo, hadi ukurasa wa mwisho: ameifukua brashi, ameogeshwa, ametambuliwa, na sasa amelala fofofo, brashi kaificha chini ya mto. Mto wa kulalia, jamani, si Tana. Wadogo zangu iliwabidi waone picha kwanza.