Wali wa Sikukuu na Hatari ya Kiporo

Sikukuu ya Idi ikaribiapo, mpishi wa Mahege, wilayani Kibiti, hupanga chakula cha ukoo mzima: wali wa nazi, mchuzi wa samaki au kuku. Kwa kuwa walaji ni wengi, huenda akapika wali usiku wa kuamkia sikukuu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mchele huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake zenye ganda gumu hustahimili maji yachemkayo kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Wali upoapo polepole, mbegu huchipua, bakteria huzaana na kutoa sumu iletayo matapishi. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupasha wali moto, na huenda harufu isibadilike.

Basi usiku mchele uchambuliwe, kuni ziandaliwe na viungo vitwangwe. Nazi ikunwe na wali upikwe asubuhi, kisha ukae juu ya makaa kwa joto linalozidi nyuzi 60 hadi wageni wale. Utakaobaki utandazwe kwenye sinia upoe upesi, uwekwe katika jokofu. Pasipo jokofu, usilazwe.

Swali: Kwa nini wali hupoa upesi zaidi katika sinia kuliko katika sufuria?