Namna ya Kuwaona Nyangumi wa Pwani ya Tanzania kwa Msafiri Atokaye Mikese

Nyangumi wa nundu, ambaye ndiye nyangumi mkubwa anayeonekana mara nyingi zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, huingia katika maji ya Tanzania kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, na jambo la kwanza ambalo msafiri anayetoka Mikese, mkoani Morogoro, anapaswa kulielewa kabla ya kukata tiketi ya basi ni kwamba mnyama huyo haji huku kutafuta chakula. Chakula chake kikuu ni krili, yaani viumbe wadogo wanaofanana na uduvi ambao hujaa katika bahari ya baridi inayoizunguka Antaktika, zaidi ya kilomita 5,000 kusini mwa Dar es Salaam. Huko hula miezi ya kiangazi cha kusini hadi anenepe, kisha husafiri kuja katika maji ya joto, ambako huishi kwa sehemu kubwa kwa mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi, akizaa, akinyonyesha na kutafuta mwenzi. Mtu asiyejua hili huenda kuwatafuta mahali penye samaki wengi, na kwa kawaida hurudi bila kuona kitu.

Mkazi wa bara hahitaji kalenda ya mabaharia ili ajue msimu umefika. Baridi ya kipupwe inapoteremka kutoka milima ya Uluguru mwezi Juni na Julai, mvua za masika zikiwa zimekwisha na mashamba ya Mikese yamekauka, pwani nayo imo chini ya kusi, yaani upepo wa msimu unaovuma kutoka kusini-mashariki, na nyangumi wa kwanza wako njiani. Mvua za vuli zinapoanza kunyesha mwezi Novemba, wengi wao wamekwisha kurudi. Hata hivyo, mwanzo wa msimu si wakati bora wa safari, kwa sababu kusi la Juni na Julai huchafua bahari kiasi kwamba chombo kidogo huyumba na macho hayaoni mbali. Muda unaofaa zaidi ni kuanzia katikati ya Agosti hadi mapema Oktoba, wakati upepo unapopungua huku akina mama wenye watoto wakiwa bado wapo.

Hali za bahari zinazowavuta ni tatu, nazo hutegemeana. Ya kwanza ni joto: katika miezi hiyo maji ya juu huwa takribani nyuzi 25 hadi 26 za selsiasi, kiwango kilichomo ndani ya nyuzi 21 hadi 28 ambazo nyangumi wa nundu huzipendelea kwa uzazi karibu kote duniani. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi na uzito unaokaribia tani moja, lakini tabaka lake la mafuta ni jembamba, hivyo baridi ya Antaktika ingemlazimu kuteketeza nguvu nyingi kwa kujipasha joto tu. Ya pili ni kina kifupi, na ya tatu ni utulivu, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga hupenda kukaa karibu na pwani au nyuma ya miamba ya matumbawe, ambako mawimbi hupungua nguvu na madume yanayomsumbua mama ni machache. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, huleta maji ya joto na maangavu kutoka katikati ya bahari, na uangavu huo wenyewe ni dalili ya uchache wa planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha baharini.

Uchache huu wa chakula hudhihirika zaidi pwani yetu ikilinganishwa na ya Oman, nchi yenye Waswahili wengi. Upepo uleule unaoitwa kusi huku kwetu huvuka ikweta, hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, na ukipita sambamba na pwani ya Dhofar nchini humo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, ndipo maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupanda kuchukua nafasi yake. Planktoni hustawi, samaki wadogo huongezeka, na kwa sababu hiyo nyangumi wa nundu wa Bahari ya Uarabuni, ambao wanakadiriwa kuwa chini ya 100 katika maji ya Oman, hawahami kwenda Antaktika kama wale wa Tanzania, bali hula na kuzaa katika bahari ileile. Upepo ni mmoja, lakini Oman huwapa nyangumi chakula, na Tanzania huwapa malezi.

Kutoka Mikese, msafiri hushika barabara kuu hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo huvuka kwenda Unguja au Mafia, au huendelea kusini hadi Mtwara. Maji ya mto Ngerengere, yanayoteremka kutoka Uluguru, nayo hufika baharini, kwani huingia mto Ruvu na kumwagika karibu na Bagamoyo, ambako tope na rutuba yake husaidia kuneemesha kamba. Lakini mdomo wa mto si mahali pa kutafutia nyangumi. Nungwi, Kizimkazi na maji ya Mafia hufaa zaidi, na upande wa Kenya, Watamu ina watu waliozoea kuwafuatilia. Mlango-bahari wa Pemba ni habari nyingine: kina chake hufikia mamia ya mita, na maji marefu ya namna hiyo ndiyo makao ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa, mla ngisi, ambaye tumboni mwake hutoka ambari, kitu cha thamani ambacho mwandishi Mwarabu al-Masudi alikitaja katika habari za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, katika karne ya 10.

Siku ya safari ichaguliwe kwa kutazama bahari na kumsikiliza nahodha. Vilele vya mawimbi vikiwa na mapovu meupe kila upande, ni heri kuahirisha, kwani pumzi ya nyangumi haitaonekana. Chombo kiondoke alfajiri, kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, na jicho lisitafute mwili bali mvuke: nyangumi anapoibuka hutoa pumzi kwa nguvu, na mvuke huo hupanda mita kadhaa, hubaki hewani sekunde chache, kisha hutawanyika. Anapozama, pigo la mkia huacha juu ya maji duara laini lisilo na viwimbi, na mwangalizi mzuri huhesabu maduara hayo ili ajue mnyama anaelekea wapi. Mtoto huibuka kila baada ya dakika chache, kwa hiyo palipo na mama na mtoto subira hulipa. Injini ikizimwa na maikrofoni ya majini ikateremshwa, huweza kusikika wimbo wa dume, wenye mafungu yanayofuatana kwa dakika kumi hadi ishirini kabla ya kurudiwa tangu mwanzo.

Wasafiri wengi humchanganya nyangumi na papa potwe, anayeonekana Kilindoni, Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi. Papa potwe ni samaki, hupumua kwa mashavu, mkia wake umesimama wima na huyumba kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala na hupiga juu na chini. Papa potwe huja kula, kwa hiyo huyo hufuata planktoni.

Kwa kuwa mojawapo ya yanayowaleta nyangumi ni utulivu, anayewatazama hana budi kuulinda. Chombo kisisogee karibu zaidi ya mita 100, kije kwa ubavu na kwa mwendo wa polepole, na kamwe kisipite kati ya mama na mtoto. Uwindaji wa nyangumi wa nundu katika nusu ya kusini ya dunia ulipigwa marufuku mwaka 1963, na Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, lakini baruti za wavuvi haramu na nyavu za jarife hazijui matangazo hayo. Anayemwona nyangumi aliyenaswa wavuni asijaribu kukata kamba mwenyewe, kwa maana mkia wake unaweza kuua; atoe taarifa mara moja kwa ofisa wa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa bahari kilicho karibu, akitaja mahali, saa, na kama mnyama ana mtoto.